Kutoka Ng'ambo hadi Kaburi la Kwihara

Mwezi wa kumi na mbili, anayelala Ng'ambo haamshwi na jogoo. Huamshwa na embe. Tunda lililokwisha kuiva hujiachia tawini gizani, likagonga bati, likabingirika hadi ukingoni na kuangukia uani, na kabla halijatulia husikika miguu ya mtoto ikilikimbilia. Inafuata adhana, kisha mvua iliyokuwa ikinyesha kwa upole tangu usiku inakatika, na harufu ya udongo uliolowa inaingia dirishani pamoja na moshi wa mkaa na mafuta ya vitumbua. Mimi ni mtu wa pwani, nimezoea asubuhi zenye chumvi na jasho. Asubuhi ya Tabora ina ubaridi mwepesi wa nchi iliyoinuka, na utamu wa embe umetanda hewani kiasi kwamba unauonja kabla hujapiga mswaki.

Ng'ambo ni moja ya kata za mji wa Tabora, mahali pa nyumba za matofali na mabati, vibaraza vifupi, nyua zilizofagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana, na mwembe karibu kila uani. Asubuhi baiskeli ndizo zenye njia. Kuna iliyobeba magunia ya mkaa, kuna iliyobeba matenga ya kuku, na kuna iliyobeba baba, mama na mtoto aliyelala kifuani. Kengele zinalia bila hasira. Mtu akikupita anakusalimu, na ukichelewa kuitika anapunguza mwendo mpaka apate jibu lake.

Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja anayepika chai chini ya turubai. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama viatu vyangu vyeupe, akacheka kwa huruma.

"Mwanangu, na viatu hivyo unakwenda wapi na tope hili?"

"Kwihara, mama. Kuangalia kaburi."

Akaacha kugeuza vitumbua. "La ndugu yako?"

Nikamwambia ni la mzungu aliyekufa zamani. Akatikisa kichwa taratibu, akanimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akaweka mbele yangu sahani ya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani, na juu yake konzi ya karanga za kukaanga. Matobolwa hayataki haraka. Mwanzoni ni magumu, kisha yanalegea mdomoni na kutoa utamu mzito unaofanana na asali iliyoanza kuganda. "Kula ushibe," akasema. "Kaburi halikimbii."

Safari yangu ilikuwa na sababu. Kule Bagamoyo, kwenye misheni ya zamani, mgeni huonyeshwa mnara ambamo maiti ya David Livingstone ililazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Na London, katikati ya sakafu ya kanisa la Westminster Abbey, lipo jiwe jeusi la kaburi lake. Maandishi yake yanaanza kwa kusema kwamba aliletwa pale na mikono ya watu waaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Jina lake liko wazi. Majina ya wenye mikono hayamo. Katikati ya Bagamoyo na kijiji alikofia, njia ile ndefu ilipitia hapa, Unyanyembe, na hapa kuna kaburi jingine la mzungu, la baharia asiye na sifa, ambalo historia yake inafungua mlango wa ile ya jiwe la London. Ndiyo maana nikaja kuanzia kwenye kaburi dogo.

Nilipita kwanza sokoni, kwa sababu kufika Tabora bila kuingia sokoni ni kukosa adabu. Asali imepangwa kwa rangi kwenye chupa zilizokuwa za maji na soda: ya njano inayopitisha mwanga, ya kahawia, na nyeusi inayokaribia lami. Muuzaji alinionjesha kila moja kwa kijiti, bila kuniuliza kama nanunua. Asali ya nyuki wadogo ina uchachu kwa mbali na hushika ulimi. Ya nyuki wakubwa hushuka moja kwa moja kooni na kuacha harufu ya maua ya msituni. Pembeni yake wamama wamemwaga uyoga wa mvua za kwanza juu ya majani mabichi, mwingine mweupe, mwingine wa rangi ya machungwa, na kwenye ungo kuna kumbikumbi waliokaangwa wakang'aa. Na embe! Zimerundikwa chini, zimejaa mikokoteni, zinauzwa kwa ndoo, na bado njiani zimelala nyingine ambazo hakuna aliyeinama kuziokota.

Wenyeji husema miembe hii ilikuja na misafara. Ni rahisi kuamini, maana Tabora yenyewe ilikuja na misafara. Wasafiri Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliandika jina la mahali hapa kama Kazeh, na walimkuta Snay bin Amir akipokea wageni katika makazi ya wafanyabiashara Waarabu. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walishuka kwenda pwani. Merikani, kaniki, shanga, bunduki na waya wa shaba vilipanda bara. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapa, kisha ikagawanyika: moja magharibi kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walikuwa wapagazi na viongozi wa misafara hiyo tangu kabla ya wageni kuandika habari zake. Mzigo wa mtu mmoja uliweza kufika frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na mwenye kuubeba alijua mito, visima, watemi wanaodai hongo na mahali pa kulala salama. Reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912, ilifuata nchi ambayo nyayo zao zilikuwa zimekwisha kuifungua.

Kutoka mjini hadi Kwihara ni kama kilomita 10 upande wa kusini magharibi. Nilipanda bodaboda ya kijana mmoja mwenye koti la mvua la kijani ambalo hakulivua hata jua lilipowaka. Lami iliisha mapema, tukaingia kwenye barabara ya udongo mwekundu uliolainika. Hapo safari ikawa ya kushuka na kupanda, kwa maana halisi: tunapanda pikipiki mahali pakavu, tunashuka na kuisukuma penye tope. Viatu vyangu vyeupe vilibadilika rangi mapema kabisa. Katika dimbwi moja gurudumu la nyuma lilizama, na kabla hatujapanga la kufanya walikuwa wamekwisha kufika wanaume wawili wenye baiskeli na bibi mmoja mwenye jembe. Hawakuuliza kitu. Wanaume wakashika nyuma, bibi akatuelekeza kwa jembe lake pa kupitia, pikipiki ikatoka kwa mlio mkubwa na kuturushia matope sote. Bibi akacheka kuliko wote.

"Mwangaluka!" akanisalimu, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana.

"Mwangaluka!" nikaitika.

"Mhola?"

Kijana wa bodaboda akaninong'oneza jibu, nami nikalitamka: "Mhola duhu." Bibi akapiga makofi, akanipa embe kutoka kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. Nilitaka kulipa, akakasirika kidogo. Nikasema "wabeja", akaridhika, akaenda shambani kwake. Pande zote mbili mahindi yalikuwa yamefika magotini, karanga zimetambaa chini, na miembe mikubwa, mingine yenye shina ambalo watu watatu hawaliwezi kwa mikono, inasimama kwa safu ambayo si ya bahati tu. Ukitazama kwa mbali unaiona njia ya zamani kwa miti yake.

Tembe la Kwihara limesimama peke yake, jengo la udongo lenye rangi nyekundu ya mfinyanzi, kuta nene, paa la bapa na mlango wa mbao uliochongwa ambao ungeweza kuwa umetoka mtaa wowote wa Mji Mkongwe. Limetengenezwa upya baada ya miaka mingi, na sasa ni makumbusho madogo. Ukivuka kizingiti, joto linabaki nje. Vyumba vinazunguka ua, giza lake ni la kupumzisha macho, na ukutani kuna picha, ramani na nakala za maandishi ya wasafiri. Mtunzaji alinikaribisha kwa mikono miwili, akanipa maji ya kunawa miguu kabla ya kunipa maelezo. "Karibu ndani, mgeni wetu. Hapa hata waliokuja kupigana walikaribishwa."

Hakuwa anatia chumvi. Henry Morton Stanley alifika hapa Juni 1871 akimtafuta Livingstone, na Said bin Salim, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe, akampa nyumba ya kukaa. Alikuta nchi iko vitani. Mtemi Mirambo alikuwa amefunga njia ya Ujiji, na wafanyabiashara wa Tabora waliazimia kuifungua kwa nguvu. Stanley akajiunga nao. Agosti mwaka ule Mirambo aliwashinda, kisha akaishambulia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Hapa Kwihara, Stanley alitoboa matundu ya bunduki ukutani, akajaza nyumba watu, akasubiri. Mirambo hakufika. Nikapitisha kiganja kwenye ukuta mnene na baridi, nikawaza usiku ule wa kusikiliza kila jani.

Katika nyumba hiyo hiyo Stanley alipewa zawadi ya mtoto wa kiume, mtumwa, aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina, akawauliza watu wake wamchagulie jingine. Mmoja akasema Simba, mwingine Mirambo, na Ulimengo akasema Kalulu. Wakanyunyiza maji, mtoto akawa Kalulu. Miaka mitatu baadaye mtoto huyo alikuwa ndani ya Westminster Abbey siku ya maziko ya Livingstone, na mwaka 1877 alikufa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo akiwa bado mdogo. Mtoto aliyepewa mtu kama kitambaa, akabadilishiwa jina uani, akafika London, akafia Kongo. Historia yake yote ina mwanzo kwenye ua huu ambao ukubwa wake hauzidi ua wa shule ya msingi, na leo mbuzi wa jirani aliuvuka bila kubisha hodi.

Sasa turudi kwa mwenye kaburi. Aliitwa John William Shaw, mzaliwa wa London, baharia wa daraja la tatu chini ya nahodha katika meli ya Kimarekani iliyoitwa Nevada. Alijikuta Unguja bila kazi, Stanley akamwajiri kwa dola 300 kwa mwaka. Alijua kushona matanga, kwa hiyo alikuwa na faida katika kushona mahema na turubai. Bara hakuijua. Homa ilimshika njiani na haikumwachia. Stanley, katika kitabu chake, hamsemi vizuri. Humwona mvivu na mwoga. Lakini mtu akisoma habari zile akiwa amesimama Kwihara, anasoma habari za mgonjwa.

Septemba 1871 Stanley alipoondoka kwenda Ujiji kwa njia ya kusini ili amkwepe Mirambo, Shaw alikuwa juu ya punda, hawezi kukaa sawasawa. Siku chache tu mbele, kwenye kambi ya Kigandu, aliomba arudishwe. Usiku ule wa mwisho alitoa akodiani yake, kinanda cha bei rahisi alichokuja nacho kutoka Unguja, akawapigia wenzake nyimbo. Wa mwisho ulikuwa "Home, Sweet Home", wimbo wa mtu anayelilia kwao. Asubuhi wapagazi walimweka kwenye machela wakamrudisha Kwihara, na Stanley akashika njia yake. Hawakuonana tena. Stanley aliporudi hapa na Livingstone tarehe 18 Februari 1872, alikuta Shaw amekwisha kuzikwa. Ameandika kwamba kabla hajaondoka waliweka lundo la mawe makubwa juu ya kaburi ili lisipotee.

Mahali penyewe ni karibu na tembe. Mvua ilikuwa imefufua majani, siafu wamechora mstari mweusi kupita pembeni, na hewa ilinuka embe lililooza kidogo na udongo mpya. Nilisimama pale nikimfikiria yule aliyemlisha uji katika siku zake za mwisho, maana Stanley alikuwa mbali na Livingstone alikuwa Ujiji. Waliobaki naye ni watu wa nyumba hii, wapagazi na majirani. Walimbeba kutoka Kigandu, wakamuuguza, wakamchimbia. Mtu wa mbali, asiye na mali wala cheo, aliyekuja na kinanda, alizikwa na wenyeji wa Unyanyembe kwa heshima ya kutosha kiasi kwamba rafiki zake waliporudi walionyeshwa mahali pake. Hilo tu lilinitosha kuiona safari yangu ina maana.

Mtunzaji alinirudisha uani, akanionyesha upande wa pili wa hadithi. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi 1872. Livingstone alibaki hapa miezi mitano akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma. Alitengeneza siagi, alipima anga, aliandika. Katika shajara yake ya Kwihara imo habari moja ninayoipenda kuliko vita vyote: familia ya ndege kumi iliyozoea kuja kwenye mikomamanga ya uani, mama akilisha makinda manane ambayo yalikwisha kuota manyoya na kuweza kuruka, lakini yakaendelea kuomba. Mzee mgonjwa mwenye umri wa miaka 59, anayesubiri watu kutoka pwani, akaona jambo hilo linastahili wino. Kuna siku nyumba ya udongo ni chumba cha vita, kuna siku ni mahali pa kuhesabu ndege.

Wapagazi walifika tarehe 14 Agosti, watu 57 kutoka pwani. Miongoni mwao alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, huko India. Waliungana na Susi na Chuma waliokuwa na Livingstone kwa miaka mingi, na Halima mpishi, na Ntaoeka, na wengine. Tarehe 25 Agosti wakatoka Kwihara. Livingstone hakurudi akiwa hai. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo.

Lakini alirudi. Wenzake walikaa shauri, wakaamua watampeleka kwao. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti. Jacob akachonga kwenye mti jina la marehemu na tarehe. Kisha wakabeba. Oktoba 1873 Chuma alitangulia kufika hapa Kwihara akiwa na barua iliyoandikwa na Jacob. Alimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone, amelala kwa homa ndani ya tembe hili hili, macho hayaoni vizuri, na wenzake Dillon na Murphy wagonjwa vilevile. Ndivyo habari za kifo zilivyofika: kwa barua ya mpagazi, mikononi mwa mgonjwa.

Cameron akashauri jambo la busara ya kawaida. Njia ya mbele ni ya hatari, wenyeji wengi hawaruhusu maiti kupita nchini mwao, mzikeni hapa. Wangekubali, kaburi la Livingstone lingekuwa Kwihara, hatua chache kutoka kwa Shaw, na leo watalii wangekuja kwa mabasi. Susi, Chuma na wenzao wakakataa. Walikuwa watu wanaoishi kwa mshahara, mbele yao afisa wa jeshi la majini la Uingereza, na wakasema hapana. Wakapumzika, wakafungasha, wakaendelea mashariki. Huko Kasekera, walipozuiwa, walitumia akili: wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, baadhi yao wakajifanya wanairudisha Unyanyembe kuzika, wakayatupa porini, mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la kitambaa na kupita nao mchana kweupe. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Pale wakalipwa mishahara yao na kuagwa. Jacob pekee alisafiri na jeneza hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliolisindikiza kaburini Westminster Abbey.

Ukisimama katika ua huu na kujua kwamba maziko yale ya London yaliamuliwa hapa kwa mara ya pili, na wapagazi, mambo hubadilika. Jiwe jeusi lenye maneno ya kusifu mikono ya waaminifu halikushuka mbinguni. Lilitokana na watu waliokaa kwenye udongo huu wakabishana, wakakubaliana, wakamkatalia afisa kwa heshima.

Mvua ya mchana ilitukuta tukiwa bado tunazungumza. Tabora hunyeshewa kwa moyo wote: upepo kwanza, vumbi la mwisho likaruka, ndege wakanyamaza, kisha maji yakamwagika kiasi kwamba hatukusikiana. Tukakimbilia kwa mzee mmoja jirani, akatupokea kana kwamba alikuwa ametuandalia. Na kweli chakula kilikuwapo: ugali wa muhogo, uyoga uliopikwa kwa karanga za kusaga, mlenda, na bakuli la maziwa mgando. Uyoga ule ulikuwa na ladha ya nyama na msitu kwa pamoja, na rojo ya karanga ilishika ugali ikataka kubaki kidoleni. Nikala mpaka mzee akaridhika, jambo ambalo lilichukua muda.

"Babu zako walibeba mizigo, babu?" nikamuuliza.

"Wa baba yangu alikwenda pwani," akasema. "Kijana aliyekuwa hajaenda pwani, hata kuoa alichelewa. Wasichana walisema, huyu bado hajaiona bahari." Akanitazama. "Wewe umeiona kila siku. Basi huku kwetu ni mtu mkubwa." Watoto wakacheka, mkewe akaniongezea uyoga.

Nikamweleza habari za Susi na Chuma. Alizijua, na alizijua kwa namna yake. "Wewe ukifiwa na mgeni njiani," akasema, "unamrudisha kwao. Ukishindwa, unamzika vizuri na unakumbuka mahali, ili nduguze wakija uwaonyeshe." Huo ndio ulikuwa muhtasari wa makaburi yote mawili, la Kwihara na la London, kutoka kwa mtu anayemenya karanga mvua ikinyesha.

Jioni tulirudi kwa tope jipya juu ya tope la asubuhi. Jua lilitoka chini ya mawingu, likapaka kila kitu rangi ya asali, miembe ikadondosha matone, na barabara nzima ikajaa watu wanaorudi nyumbani na baiskeli, majembe mabegani. Niliwaza jinsi hadithi hii isivyoishia Kwihara. Ukishika barabara ya magharibi kama kilomita 90 unafika Urambo, nchi ya Mirambo. Huko mwaka 1879 wamisionari wa London Missionary Society walijenga, na daktari wao Ebenezer Southon, rafiki wa Mirambo, alikufa Julai 1882 baada ya bunduki kufyatuka kwa bahati mbaya na kumjeruhi mkono. Na ni Urambo, akifanya kazi kwenye misheni hiyo, alikofariki Jacob Wainwright Aprili 1892. Yule aliyechonga jina la Livingstone kwenye mti wa Chitambo na kulisindikiza jeneza London alimalizia safari yake hapa hapa, katika mkoa wa Tabora. Chuma alifia Unguja mwaka 1882, Susi naye Unguja mwaka 1891. Matthew Wellington, mwingine wa wanafunzi wa Nasik waliobeba, aliishi hadi mwaka 1935 huko Mombasa. Wamelala katika nchi zetu, si mbali na nyumba zetu.

Ng'ambo ilikuwa imewasha taa na vibatari. Mama wa asubuhi alikuwa sasa anakaanga samaki na ndizi mzuzu, na redio ya jirani ilikuwa inaimba taarabu. Alitazama viatu vyangu, ambavyo havikuwa tena na rangi ya kutajika, akaniletea maji kwenye kopo na brashi bila kusema neno. Tulipokuwa tunakula akauliza kama nimelipata kaburi. Nikamsimulia lote: kinanda, mikomamanga, Kalulu, mabua ya mtama. Nilipofika mahali pa watu wanaomkatalia afisa, akapiga paja. "Wanaume hao! Na wanawake walikuwapo?" Walikuwapo, nikamwambia. Halima alikuwapo, Ntaoeka alikuwapo. "Na majina yao yameandikwa wapi?"

Swali hilo ndilo ninalowaachia wasomaji, pamoja na ombi. Njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania ya urithi wa dunia, Kwihara ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Siku itakapopambwa kama inavyostahili, pawekwe Kwihara jiwe karibu na kaburi la Shaw, lenye majina ya wote waliobeba, kuanzia Susi na Chuma hadi Halima, na lisomeke kwa Kiswahili na Kinyamwezi. Mpaka hapo, njooni wenyewe. Njooni mwezi wa kumi na mbili, embe zikiwa zimejaa, mvae viatu msivyovipenda sana, mjifunze kuitika "mhola duhu", na mkiombwa kula, kuleni. Halafu mkirudi kwenu, mtajeni Livingstone kama mnavyomtaja siku zote, na mwendelee moja kwa moja, bila kuvuta pumzi, kuwataja waliombeba.